Siku Tulipowapima Watu wa Usafi

Mwezi uliopita nilikabidhi mkasi, futi na funguo za kabati, nikatoka chumba cha kushona cha hospitali nikiwa mstaafu. Ninyi wawili mnaobaki mle mliniomba niandike kazi ilivyokuwa. Nimekubali upesi kuliko mlivyotarajia, kwa sababu tangu nikae nyumbani mambo yananijia kwa wingi mpaka nashindwa lipi nianze nalo. Habari za vyeo na mishahara naziacha. Mkizitaka kaulizeni ofisini, mafaili yapo. Mimi nitawasimulia nguo.

Watu wakisikia nilikuwa fundi wa hospitali hudhani nilishona vidonda. Nilishona mashuka, mapazia, makoti ya madaktari, magauni ya wagonjwa na sare za kila aliyefanya kazi pale, na nawaambia, Tanga nzima hakuna mahali panapokufundisha nguo ni kitu gani kama hospitali. Mtu anaingia getini na kanzu iliyopigwa pasi, mwingine na suruali yenye utomvu wa mkonge. Baada ya nusu saa wote wawili wamevuliwa na kuvishwa gauni la kijani lenye kamba mgongoni, wamelazwa vitanda vinavyopakana, na hujui nani ana nyumba Raskazone na nani analala kambi ya wakata mkonge. Jambo hilo lilinisisimua wiki ya kwanza, na mpaka naondoka lilikuwa halijaacha kunisisimua.

Siku ya kwanza nilivaa gauni langu la kanisani. Baba yangu alikuwa mkata mkonge, Mbondei wa Muheza, na nyumbani kwetu kila mtu alikuwa na nguo moja nzuri, ya Jumapili. Nikaona kazi ya mjini inastahili Jumapili. Fundi mkuu wakati ule alikuwa Mzee Nassoro, mtu wa Pangani mwenye asili ya Oman, kanzu yake nyeupe mpaka inaumiza macho. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba huku akitazama upindo wa gauni langu, uso wangu hakuuangalia kabisa.

"Umeshona mwenyewe," akasema, "na ulikuwa na haraka."

Ilikuwa kweli. Upindo ule niliumalizia asubuhi ileile chai ikiwa jikoni. Niliona aibu, kisha, ajabu, nikafurahi kama mtu aliyesikia lugha yake ugenini. Sikuwahi kukutana na mtu anayesoma nguo namna ile. Nikajisemea hapa nitakaa.

Miezi mitatu ya mwanzo hakuniruhusu kushona chochote. Kazi yangu ilikuwa kufumua. Alisema anayefumua vizuri ndiye anayejua mshono umeshikilia wapi, na alikuwa sahihi, ingawa vidole vyangu havikumshukuru. Alinifundisha kuchemsha kitambaa kabla ya kukikata, kwa kuwa maji ya dobi wa hospitali hayana huruma. Zamani kuna daktari alirudishiwa koti lake mikono imeishia kwenye viwiko. Alinifundisha kwamba mfuko wa kulia wa sare ya muuguzi hushonwa mara mbili, maana ndimo anamotia mkasi, na mkasi hutoboa. Gauni la mgonjwa alilitaka liwe na kamba tu. Kifungo cha plastiki huyeyuka kwenye pasi kubwa ya dobi, na kisipoyeyuka mgonjwa hukilalia.

Dirisha la chumba chetu, kama mjuavyo, linatazama getini. Mzee Nassoro alikuwa akikanyaga cherehani ananitajia watu wanavyoingia. Yule ana chumvi kwenye pindo, amevuka kivuko asubuhi. Yule viatu ni vya kuazima, angalia anavyotembea. Mara nyingi alipatia, na mimi nilikuwa nikisubiri dirisha lile kama wengine wanavyosubiri mpira redioni. Lakini siku moja akanionyesha mzee mwenye kaptula iliyochanika na shati lisilo na kola, akasema huyo ni kibarua wa kuangua nazi. Jioni tukasikia kuwa ndiye mwenye minazi, na ekari zake hazina hesabu. Mzee Nassoro akasema mwenye mali nyingi kiasi kile hana wa kumwonyesha. Nilimpa heshima kwa jinsi alivyojitoa pale, na tangu siku hiyo nikajifunza kusoma nguo huku nikiacha nafasi ya kukosea.

Kisa kigumu cha kwanza kilikuwa cha Bi Zuhura. Alikuwa bibi wa ukoo wa wenye mashamba kule Pangani, mtu ambaye akiingia ukumbini watu husimama. Aliteleza kwenye ngazi za nyumba yake, nyonga ikavunjika, akaletwa kwetu na buibui lake la hariri na harufu ya udi iliyojaza wodi yote. Upasuaji ulipangwa kesho yake asubuhi. Muuguzi akampelekea gauni la kijani. Bibi akaligeuza, akaziona zile kamba za mgongoni, akauliza nusu yake nyingine iko wapi.

Alipoambiwa hakuna nusu nyingine, alikataa. Mwanawe alimbembeleza, daktari akamweleza kwamba bila upasuaji hatatembea tena na huenda asiinuke kitandani. Bibi akasema basi arudishwe kwake akalale na nguo zake. Wakaanza kutafuta gari la kumrudisha. Wauguzi walidhani shida ni kipimo, wakanituma mimi nipeleke gauni kubwa zaidi.

Nilipofika alinitazama kwa macho ya mtu aliyechoka kuelezwa. "Mwanangu," akasema, "nimezaa watoto saba, na marehemu mume wangu hakuwahi kuuona mgongo wangu mchana. Leo niutembeze mbele ya vijana?"

Sikucheka, ingawa mwanawe alitazama pembeni. Niliona kabisa kwamba hapo hapakuwa na kiburi. Dhahabu yake alishaivua bila neno, na hata jina lake alilikuta limeandikwa vibaya kwenye karatasi akalinyamazia. Kilichobaki kwake kumwambia yeye ni nani kilikuwa kitambaa tu, nacho kilitaka kuvuliwa. Nikamuuliza nikimletea nguo iliyofunga mgongo, na daktari bado akaweza kufanya kazi yake, atakubali?

"Nitaitazama kwanza," akasema.

Nilitoka mbio. Mzee Nassoro alikuwa ameshafunika cherehani yake na kushika fimbo, saa ya kutoka imepita. Nilimweleza kwa pumzi moja, nikitegemea aniambie tunashona tulichoagizwa. Akauliza, "Nyonga ipi?" Nikasema ya kushoto. Akaegesha fimbo ukutani na kufunua cherehani.

Tulikata gauni la mikono mirefu, mgongo mzima, ubavu wa kulia umeshonwa, ubavu wa kushoto uko wazi kutoka kwapani mpaka chini na unafungwa kwa kamba kumi na moja, ili daktari afungue tatu tu anazozihitaji na nyingine zibaki. Mkono mmoja tuliupasua kwa ajili ya dripu. Kwa kitambaa kilekile cha kijani nikashona mtandio. Chumba cha upasuaji kila mtu hufunika nywele, kwa hiyo Bi Zuhura na daktari wake wangeingia wote wamejitanda, hakuna wa kumshinda mwenzake. Adhana ya magharibi ilitukuta tunakaza kamba ya mwisho.

Bi Zuhura alilipokea gauni, akaligeuza ndani nje kama anayekagua samaki sokoni, akavuta mishono mmoja mmoja.

"Kitambaa duni," akasema. "Mshono mzuri. Nivisheni."

Siku ile nilirudi nyumbani Ngamiani kwa miguu, nikiimba nyimbo za kanisani barabarani bila kujali nani ananisikia. Bibi alipasuliwa, akatembea kwa mkongojo, na baada ya miezi kadhaa akatuletea madafu gunia zima. Mzee Nassoro alilalamika kwamba hayakuwa matamu. Alilalamika huku anafungua la nne.

Mzee Nassoro alistaafu, nami nikakaa kiti chake. Miaka ikaenda na mitindo ikaenda nayo. Wauguzi waliacha gauni la bluu lenye kola nyeupe wakahamia sare nyeupe yenye suruali, jambo lililozua maneno wiki mbili kisha likasahaulika. Stoo yangu ikabaki na majora ya kitambaa cha bluu ambayo hayakuwa na kazi. Hapo ndipo yanapoanza niliyotaka hasa kuwasimulia, maana ninyi mmeikuta sare ya zambarau ya watu wa usafi ipo na mnadhani ilikuwepo siku zote.

Watu wa usafi walikuwa wakivaa kaki. Hawakuwahi kupimwa. Zilikuwepo saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, na asiyeenea alijifunga kamba kiunoni. Mwaka mmoja kaki haikuletwa, na zao zilikuwa zimepasuka mpaka wengine wakavaa khanga juu kujisitiri. Mimi nilikuwa na bluu stoo na karatasi za kukatia gauni la wauguzi kabatini. Nikaona uchawi gani huu, kitambaa kipo, watu wako nusu uchi. Nikawashonea wote magauni ya bluu, na kola nyeupe nikaitia, kwa sababu ilikuwa tayari imekatwa na kwa sababu, nakiri, ilinipendeza. Sikumuuliza mtu.

Mambo yalianza siku ileile. Watu wa mjini hawakuwa na habari kwamba masista wamehamia nyeupe. Kwao gauni la bluu lenye kola lilikuwa sista. Kiongozi wa watu wa usafi alikuwa Mama Tunu, Mdigo wa upande wa Mkinga, mwanamke mnene mwenye mwendo wa taratibu, ambaye kwa miaka mingi nilimwona akipita na ndoo zake bila watu kumwona. Asubuhi ile nilimwona getini watu wanampisha. Mwanamume mmoja alivua kofia. Nilisimama dirishani na mkasi mkononi, na moyo ulikuwa ukinidunda kama mimi ndiye niliyepishwa.

Furaha yangu ilidumu siku tisa. Siku ya kumi, ndugu wa mgonjwa mmoja alimwita binti mgeni wa usafi, akamwambia, sista, mzee wangu ana kiu. Yule binti alipendezwa na kuitwa sista, akampa mzee kikombe cha maji. Mzee alikuwa amekatazwa kula na kunywa kwa ajili ya upasuaji. Bahati nzuri muuguzi aligundua kabla mzee hajaingizwa chumba cha upasuaji, upasuaji ukaahirishwa, na mzee hakudhurika. Lakini ingeweza kuwa vingine, na ninyi mnajua vingine ni vipi.

Matroni alituita ofisini kwake. Alikuwa Msambaa wa Lushoto, Mlutheri, sauti yake ya chini, na jambo hakuwa akilirudia. Tulikuwa mimi, yule binti aliyekuwa analia, na Mama Tunu kama kiongozi wao. Nilisema kosa ni langu, kwamba nilikata nguo ya mtu nikamvika mwingine, nami ndiye niliyepaswa kulijua hilo kuliko wote. Matroni akasema ndiyo, ni langu. Akaamuru magauni ya bluu yarudishwe yote Ijumaa, na watu wa usafi wavae kaki kuukuu mpaka mpya ije. Nilikubali.

Tulipoinuka, Mama Tunu hakuinuka. Aliomba ruhusa ya kusema.

"Matroni, bluu tutarudisha, ni haki," akasema. "Lakini nikwambie. Siku ya kwanza niliyoivaa, niliamkiwa shikamoo na watu watatu kabla sijafika bombani. Na kaki, miaka yote hii, huambiwa wewe, pita huku. Mimi sitaki uuguzi wa watu, sikuusomea. Nataka mtu akiniona ajue mimi ni wa usafi, na aniamkie vivyo hivyo."

Matroni alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kama naweza kumletea ndani ya wiki mbili rangi ambayo si ya mtu mwingine yeyote hospitalini, na ambayo mtu angeivaa bila kuona haya. Nikasema naweza. Nilisema haraka mno, kama kawaida yangu. Sikuwa na rangi yoyote kichwani.

Wiki mbili zile ndizo bora kuliko zote nilizofanya kazi. Nilizunguka maduka ya vitambaa ya mjini nikiomba vipande vya mfano, nikavitandika mezani, nikawaita watu wa usafi wachague wenyewe. Mngeona mzozo. Nilipendekeza kijani kilichoiva, tofauti na cha wagonjwa, mmoja akasema amezaliwa mkongeni, kijani amekiona cha kumtosha. Wengi walitaka ile nyekundu iliyoiva inayoitwa damu ya mzee, mpaka mwenzao akauliza nani atavaa damu ya mzee wodini. Bado ilishinda kwa kura.

Ila mtu wa usafi anashika klorini kutwa, na klorini haijali kura. Nikavitumbukiza vipande vyote kwenye ndoo ya klorini kwa siku tatu. Damu ya mzee ilitoka imekuwa ya waridi iliyofifia. Rangi ya machungwa ikawa kama uji. Tulisimama tumeizunguka ndoo kama wazazi wanaosubiri matokeo ya mtihani, nikitoa kipande kimoja kimoja kwa kijiti. Cha mwisho kilikuwa cha tetroni, zambarau iliyoiva, nacho kilitoka kama kilivyoingia. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka dobi akaja kuuliza nani kaolewa.

Matroni aliikubali zambarau. Nami nikaomba jambo moja, kwamba safari hii niwapime. Akasema hakuna muda. Nikasema nitautafuta.

Niliwapima wote kwa siku tatu, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Hili nawaomba mlishike hata kama mengine mtayasahau: mkimpima mtu, msimpime kwa kelele. Wengine walibana pumzi, wengine walicheka bila sababu. Yule binti wa kikombe cha maji alisimama kama mshtakiwa, nami nikampima bila kumtajia habari ile. Mama Tunu alipofika alisimama akainua mikono, na nilipompitishia futi kifuani nikaona macho yake yamejaa.

"Sijapimwa tangu harusi yangu," akasema.

Nikampa kitambaa ajifute, nikaandika vipimo vyake, na nikamweleza kwamba kifuani nitatarizi neno Usafi, na chini yake jina, kwa uzi mweupe. Nilikuwa nimeshaandika Mama Tunu kwenye daftari. Akaliinamia, akatikisa kichwa.

"Tunu ni binti yangu," akasema. "Mimi jina langu Mwanajuma. Andika hilo."

Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka mingi mno, na jina lile sikulijua. Nilikata mstari, nikaandika upya. Jina lake nililitarizi kabla ya mengine yote, herufi moja baada ya nyingine, na ile N nikaifumua na kuirudia kwa kuwa ilikaa upande.

Jumatatu ya kuvaa nilifika mapema kuliko mlinzi alivyozoea. Wakatoka chumba chao wote pamoja, zambarau tupu, kila gauni limekaa mabegani mwa mwenye gauni, hakuna kamba kiunoni. Walikuwa wakitazamana tu. Kisha wakachukua ndoo zao wakatawanyika.

Mwanajuma alianza na ngazi za mbele. Mzee mmoja aliingia getini na mfuko wa nguo za mgonjwa, akasimama mbele yake, akamkodolea kifuani akisoma kwa shida. Mimi nilikuwa dirishani, na sindano imesimama hewani.

"Mwa-na-ju-ma," mzee akasoma. "Mwanajuma, mwanangu, wodi ya mifupa iko wapi?"

Mwanajuma akaegemeza ufagio ukutani. "Shikamoo, baba," akasema, akaupokea ule mfuko, wakaenda.